Kalsiamu na Pigo la Moyo

Mnamo mwaka 1883 Sydney Ringer, tabibu wa London, alieleza ya kwamba moyo wa chura, uliokuwa ukidunda barabara katika maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa maji ya mfereji, ulilegea hata ukasita alipotumia maji yaliyokenekwa, wala haukurejea hali yake ila alipotia kalsiamu kidogo, ambayo yale maji ya mfereji yalikuwa nayo tangu asili.

Sababu yake twaijua leo. Ndani ya seli, kalsiamu iliyo huru ni haba mno, takriban sehemu moja kwa elfu kumi ya ile iliyo nje, na akiba kubwa hufungiwa katika vifuko vya utando mwembamba, mithili ya shehena ingojayo amri ghalani. Umeme upitapo juu ya seli, kalsiamu kidogo huingia kutoka nje, nayo hiyo kidogo hufungua milango ya vifuko, akiba ikamwagika, na nyuzi za msuli zikajikunja.

Kwa rai yangu, ajabu si kufungua bali ni kufunga, kwani kabla ya pigo lifuatalo pampu za protini huirudisha kalsiamu ghalani, chembe mbili kwa kila molekuli moja ya ATP, ibebayo nishati ya seli, na moyo usioweza kufanya hivyo haulegei sawasawa ili ujae damu. Mitokondria, mitambo ya nishati ya seli, nazo hupokea sehemu ya kalsiamu hiyo: ikiwa ya kiasi, huchochewa kuzalisha nguvu, ikizidi, hupasuka, na seli yenyewe ikafa.