Tuponye Maji Penye Chemchemi



Katika Dominika hii tunawaalika mtafakari pamoja nasi juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu amekwisha kukigusa tangu alfajiri, pengine hata kabla ya kusali. Kitu hicho ni maji. Kwa maji tumenawa uso, kwa maji tumepika uji wa watoto, na kwa maji tulibatizwa. Leo hatutasema juu ya uhaba wake, ingawa akina mama wengi wanaujua vema uzito wa ndoo kichwani. Tutasema juu ya sumu inayoingia ndani ya maji kimya kimya, kutoka katika kazi halali za majirani zetu.

Kitabu cha pili cha Wafalme, katika sura ya pili, kinatusimulia habari za watu wa Yeriko. Walimwendea nabii Elisha wakamweleza kwamba mji wao ni mahali pazuri pa kukaa, lakini maji yake ni mabaya na nchi haizai. Nabii akaomba bakuli jipya lenye chumvi. Sasa tuangalie alikwenda nalo wapi. Hakuzunguka nyumba kwa nyumba akitia chumvi katika mitungi. Alitoka akaenda mpaka pale maji yanapobubujika, akaitupa chumvi humo, na maji yakapona. Elisha aliyaponya maji penye chemchemi.

Tunasisitiza jambo hilo kwa sababu sisi tumezoea kuyaponya maji mtungini. Walimu wa afya walitufundisha kuyachemsha, na walitufundisha vema. Maji yakichemka, vijidudu vya kipindupindu, vya homa ya matumbo na vya kuhara hufa. Nyumba nyingi zimeepuka msiba kwa sababu ya sufuria ile, na asiache mtu kuchemsha kwa kutusikia leo. Lakini risasi iliyomo ndani ya betri haifi kwa moto, kwa kuwa haikuwa hai. Zebaki na kromi ni hivyo hivyo. Maji yanapochemka kwa muda mrefu, mvuke huondoka na risasi hubaki, hata ikawa nzito zaidi katika maji machache yaliyosalia. Kitambaa cha kuchujia hakiizuii, na dawa ya klorini haiiondoi. Tena sumu kama hiyo haionekani kwa macho, wala ulimi hauitambui. Hivyo mama mwenye bidii, aliyechemsha, akachuja na kufunika, anaweza kumnywesha mwanawe sumu kwa mkono ule ule wa upendo.

Ndugu wapendwa, hapa ndipo penye uzito wa mafundisho ya leo. Dhidi ya vijidudu, kila nyumba inaweza kujilinda kwa juhudi yake. Dhidi ya sumu ya karakana na viwanda, nyumba moja peke yake haiwezi. Usalama wa mtoto wetu uko mikononi mwa jirani, na usalama wa mtoto wa jirani uko mikononi mwetu. Kwa hiyo amri ya kumpenda jirani, ambayo tunaikariri tangu mafundisho ya Komunyo ya kwanza, imefika mpaka kisimani.

Sumu hii hutoka wapi? Hutoka mahali tunapopita kila siku. Hutoka gereji, ambako oili chafu humwagwa mchangani ikiwa na chembe za metali zilizosagika ndani ya injini. Hutoka kwa fundi wa betri amwagaye maji ya betri nyuma ya kibanda, na zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi. Hutoka kituo cha mafuta ambacho tangi lake la chini ya ardhi limetoboka na petroli inavuja bila mtu kuona. Hutoka katika ngozi zinazolainishwa kwa kromi, na katika dhahabu inayokamatwa kwa zebaki kando ya kijito. Hutoka hata shambani, pale tunaposuuza bomba la kupulizia dawa mtoni, na pale dumu la dawa ya wadudu linapooshwa kwa sabuni na kugeuzwa kuwa dumu la maji ya kunywa.

Huenda mtu akasema: hayo ni matone tu, na ardhi itayameza. Ni kweli ardhi huyameza, lakini haiyasahau. Maji ya mvua hupenya katika mchanga, hushuka mpaka yakutane na tabaka gumu, kisha husafiri polepole chini ya miguu yetu kuelekea visima, chemchemi na mito. Kinachomwagwa juu ya mchanga hushuka kwa njia hiyo hiyo. Kwa kuwa mwendo wake ni wa polepole, huenda aliyemwaga amekwisha kuhama au kufariki kabla sumu haijafika katika ndoo ya mwingine. Wala ua wa ukuta hausaidii, maana chini ya ardhi hakuna mipaka ya viwanja.

Tutoe mfano wa jambo lililotokea kweli, ingawa lilitokea mbali na kwetu. Katika jimbo la North Carolina, nchini Marekani, iko kambi ya askari iitwayo Camp Lejeune. Nje ya kambi hiyo, dobi mmoja alifungua duka lake katika miaka ya 1950. Alisafisha nguo kwa dawa badala ya maji. Mabaki ya dawa yaliingia katika shimo la maji machafu, yakapenya ardhini, yakafika katika visima vilivyowanywesha askari pamoja na wake na watoto wao. Katika sehemu nyingine za kambi, matangi na taka za jeshi lenyewe yalichafua visima vingine. Visima vilivyochafuka zaidi vilifungwa mwaka 1985, baada ya watu kunywa maji hayo kwa miaka mingi. Mwaka 2022 nchi hiyo ilitunga sheria ya kuwaruhusu waliokaa kambini kati ya mwaka 1953 na 1987 kudai fidia mahakamani. Tufikiri: nchi tajiri, yenye wataalamu na maabara, na duka la dobi halikuwa kiwanda kikubwa. Ilitosha shimo moja nyuma ya duka.

Nabii Ezekieli, katika sura ya 34, anatuonyesha Mungu akiwahukumu kondoo wenye nguvu. Anawauliza kama haikuwatosha kunywa maji safi, hata wakayavuruga kwa miguu yao yale yaliyobaki, ili kondoo dhaifu wanywe matope. Swali hilo ni kali. Halikatazi kunywa. Mungu hamchukii fundi wala mwenye kiwanda. Kazi ni baraka, na magari yetu yanahitaji gereji. Swali ni hili: baada ya sisi kupata riziki yetu, tunawaachia wengine maji ya namna gani?

Na kondoo dhaifu ni nani? Kwanza ni mtoto mdogo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini, na kwamba mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima. Risasi hiyo hudhuru ubongo unaokua. Mtoto haanguki chini siku hiyo. Huwa mzito wa kuelewa, na mwalimu humwita mvivu. Pili ni mama mjamzito. Tatu ni maskini, ambaye hawezi kununua maji ya chupa wala kuhama mtaa.

Tena Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kinaamuru kwamba mtu akichimba shimo asilifunike, na ng'ombe au punda wa mwenzake akatumbukia, mwenye shimo atalipa. Haisaidii kusema kwamba hakukusudia. Ikiwa Mungu alidai hivyo kwa ajili ya punda, je, kwa ajili ya mtoto atadai nini?

Jirani zetu wa Kenya wanalijua jambo hili. Katika kijiji cha Owino Uhuru, mjini Mombasa, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na risasi yake ilisambaa katika makazi ya watu mpaka ikaingia katika damu ya watoto. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwezi Julai 2020 mahakama iliamuru wanakijiji walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaiondoa fidia hiyo, na mwezi Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Lawama hazikuwa za kiwanda peke yake. Taasisi za serikali zilizopaswa kukesha nazo zilihesabiwa kuwa na hatia. Tunawasifu wanakijiji kwa uvumilivu wao. Lakini ni nani awezaye kumrudishia mtoto miaka yake kumi? Heri kulifunika shimo kabla punda hajapita.

Basi tufanye nini? Kwa ninyi wenye gereji na karakana tunasema: sakafieni mahali pa kazi kwa saruji. Oili chafu iwekwe katika pipa lenye mfuniko, na apewe mkusanyaji mwenye kibali, si kumwagwa barabarani kutuliza vumbi. Betri kuukuu isipasuliwe wala kumwagwa maji yake, irudishwe nzima. Kwa ninyi wenye vituo vya mafuta: pimeni matangi yenu, na hesabu isipolingana msinyamaze. Kwa wakulima na wenye maduka ya pembejeo: dumu la dawa lisuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yarudishwe katika bomba na kupuliziwa shambani, kisha dumu litobolewe lisichotewe maji kamwe.

Kwa makatekista na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo tunawapa kazi moja ya mwezi huu. Kaeni na wanajumuiya, mkaorodheshe visima na chemchemi ambazo watu wenu wanakunywa. Kisha tazameni upande wa juu wa mlima au mtaa: kuna nini huko? Nendeni kwa mwenye kazi kwa upole, kama ndugu kwa ndugu. Asiposikia, nendeni kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, na kwa bodi ya maji ya bonde lenu. Ombeni maji yapimwe katika maabara ya Wizara ya Maji. Kwetu Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama, nayo imekataza shughuli za kudumu zinazoweza kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Anayedai haki hiyo hafanyi fujo.

Tunajua kuna jambo linalofunga vinywa. Mwenye kiwanda huenda ndiye anayewaajiri vijana wetu. Huenda ndiye aliyetoa mabati ya kanisa. Hapo tunaambiana kwa sauti ya chini: tumwachie Mungu. Ndugu wapendwa, Mungu ametuachia sisi. Mabati ya kanisa hayawezi kuwa bei ya kisima cha watoto. Na anayempenda kweli mfadhili wake atamwambia ukweli, ili sadaka yake isije ikasimama dhidi yake siku ya hukumu.

Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kupata maji salama ya kunywa ni haki ya msingi ya kila binadamu, kwa sababu bila maji hayo mtu hawezi kuishi. Haki hiyo hulindwa pale chini penye pipa la oili, penye beseni la dobi, penye kibanda cha fundi wa betri.

Tumwombe Mungu atupe moyo wa Elisha: tusiishie kuitazama mitungi yetu wenyewe, bali tutoke, twende mpaka penye chemchemi, na tuyaponye maji ya wote.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.