Wakati wa Mtoto Hauwekwi Kisandukuni

(Maneno ya mwanachama, mmoja wa washika funguo, siku ya sherehe ya miaka kumi ya kikundi, Kasingirima)

 

 Habari za hisa, mikopo na mfuko wa jamii zimeshasomwa, sina la kuongeza. Mimi nimeombwa niseme juu ya malezi. Nitasema lililonikuta mwenyewe.

Mnanijua, mimi ni mama wa dagaa. Alfajiri nipo mwaloni Kibirizi, jioni nipo sokoni, siku ya kikundi nipo kikundini. Kitinda mimba wangu amelelewa na dada zake. Nikijiambia, si namtafutia ada? Basi alipokuwa na miaka minne, mwalimu wa chekechea akawauliza watoto, kila mmoja ataje siku aliyofurahi na mama yake. Wangu akajibu: "Siku mama alipoumwa malaria." Mwalimu alinisimulia kama kichekesho. Mimi sikucheka. Siku ile nililala mkekani kutwa, naye alikaa pembeni ananipepea na kunihadithia habari za paka. Ndiyo siku pekee aliyonipata.

Haukupita muda, mwaka 2024 ziwa likafungwa kwa uvuvi miezi mitatu, tangu Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wapate kuzaliana. Tunakumbuka shida yake, marejesho yalivyokuwa magumu. Lakini mimi nilipata nafasi ya kukaa na mwanangu. Jumapili moja nikafunga mihogo ya kuchemsha, nikamshika mkono, tukaenda kwa miguu hadi makumbusho ya Livingstone, hapa hapa Ujiji. Jamani, mimi mzaliwa wa hapa nilikuwa sijaingia hata siku moja!

Mle ndani mna sanamu za Livingstone na Stanley wanasalimiana, kama walivyokutana mwaka 1871. Nikamwambia mwanangu, huyu mzee alikuwa na miaka 58, na huyu kijana 30. Akatazama, akaniuliza: "Mama, mbona huyu mdogo hajaamkia shikamoo?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Habari ya misafara ya pembe na watumwa, iliyotoka hapa kwenda Bagamoyo, nilimwambia kwa kadiri ya umri wake. Kisha tukala mihogo yetu chini ya miembe.

Jumapili nyingine tulipanda daladala hadi stesheni ya Kigoma. Nikamwonyesha reli inapoishia, iliyofika kwetu mwaka 1914. Nikamsimulia meli ya Liemba: ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913, Wajerumani wenyewe wakaizamisha mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Akauliza kama mle chini samaki walikuwa wakikaa kwenye viti vya abiria. Haya, mjibuni nyinyi.

Siku nyingine tulishuka ufukweni tu, tukajenga nyumba za mchanga. Hapo niseme neno la kuonya. Ziwa letu ni la pili duniani kwa kina, linafika mita 1,470. Mtoto mdogo asipite maji ya magotini, na mama awe karibu kiasi cha kumshika. Usifue huku unasema unamtazama. Jicho moja halifanyi kazi mbili. Waulize wavuvi kwanza kama mamba ameonekana upande huo. Na mtumbwini mtoto asipande bila jaketi la kuokolea lililo saizi yake.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Ziwa lilipofunguliwa, wateja walirudi kwa fujo. Jumapili ya kwanza nikachukua beseni langu. Mtoto alikuwa ameshavaa viatu, amekaa mlangoni ananingoja. Nikampita. Nikamwambia, "Kesho, baba." Niliporudi usiku nilimkuta amelala na viatu vyake. Faida ya dagaa wa siku ile nimeisahau. Vile viatu sijavisahau.

Wenzangu, kisanduku chetu kina kufuli tatu, na mimi nashika ufunguo mmoja. Pesa tukiiweka leo, mwisho wa mzunguko tunaikuta na faida yake. Wakati wa mtoto hauwekwi humo. Ukimpita akiwa na miaka minne, mwakani utamkuta ana mitano, na yule wa minne hayupo tena.

Kwa hiyo natoa hoja, Mama Mwenyekiti. Jumapili ya mwisho ya kila mwezi, alasiri, kusiwe na kikao, wala mtu kufuatwa kwake kudaiwa rejesho. Kila mama atoke na mtoto wake. Asiye na nauli atembee; ufukwe hauna kiingilio, na mihogo tunayo. Mwenye mjukuu atoke na mjukuu. Na akina baba, nanyi msijifiche, mikono yenu inashikika vilevile.

Mimi na wangu tumeshaanza tena. Mwalimu akiuliza swali lile mara ya pili, nataka asikie jibu jingine.

 Kikundi chetu kidumu!