Bibi Ruth Rouse na Wanafunzi wa Vienna

Nataka kuwapa habari za Bibi Ruth Rouse, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1872. Tangu mwaka 1905 hata 1924 alikuwa mtumishi wa Chama cha Wanafunzi Wakristo wa Ulimwengu, kilichoanzishwa Uswidi mwaka 1895. Kazi yake ilikuwa kusafiri kwa gari la moshi na kwa merikebu, nchi hata nchi, akisema na wanafunzi, hasa wanawake.

Mwaka 1920, vita kuu ilipokwisha, alifika Vienna. Aliwakuta wanafunzi wana njaa, nguo zimechakaa, vyumba havina moto, na baridi ni kali. Je, msemaji aseme nini hapo? Akawaombea msaada kwa wanafunzi wa nchi nyingine, nao wakatoa, hata waliokuwa adui zao vitani juzi. Mwaka uo huo chama kikaianza kazi ya kuwasaidia wanafunzi wa Ulaya, pasipo kumwuliza mtu taifa lake wala dini yake. Mimi naona safari ile ilizidi hotuba zake zote. Mwaka 1922 wanafunzi wa Urusi nao wakalishwa, katika nchi ambayo serikali yake ilikuwa ikiipinga dini.