Gari Letu Lisilo na Nguvu



Wengi wenu mwalijua lile gari letu la ushirika liendalo Diani na Msambweni. Mwezi uliopita lilishindwa na vilima, na asubuhi haliwaki ila kwa kusukumwa. Fundi mmoja alisema injini imekufa, tununue nyingine. Fedha hizo ni michango yenu, kwa hiyo sisi wa reli tukasema, ngojeni kwanza tuipime.

Tuliipasha injini moto, tukatoa plagi zote, tukakata umeme wa plagi na kufunga petroli. Mmoja akakanyaga mafuta mpaka chini na kupiga stata, nasi tukabana geji penye tundu la plagi. Silinda ya kwanza ratili 150 kwa inchi ya mraba, ya pili 145, ya nne 150. Ya tatu 70 tu!

Hapo wengi hukimbilia kusema ringi. Tulitia kijiko cha oili katika silinda ile, tukapima tena. Ringi zikiwa zimelika, oili huziba mwanya na geji hupanda. Haikupanda. Na gasketi ya hedi ikipasuka kati ya silinda mbili, zote mbili hushuka. Basi ni valvu. Tulipofungua hedi, valvu ya moshi imeungua ukingoni. Tukatia mpya, tukaisaga na kiti chake, na gasketi mpya juu.

Sasa geji yasoma 145. Hesabu ya fedha iko kwa mweka hazina, njoni muitazame.