Boma Moja, Usiku Mmoja: Kuchagua Mchezo wa Harambee kwa Vikundi vya Kisii na Nyamira



Nimeombwa nizungumzie namna ya kuchagua mchezo rahisi wa kuchangisha fedha. Naanza na aibu yetu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita kikundi chetu kilitaka kuinunulia zahanati ya kijijini vitanda. Tukachagua tamthilia iliyokuwa ikitahiniwa wakati huo, kwa kuwa kila mtu alikuwa akiitaja. Wahusika walizidi 20. Sisi tulikuwa 9. Tukakodi maleba, taa na jenereta. Ilipofika saa 9 alasiri mvua ilishuka juu ya mabati ya ukumbi, na tangu hapo hadhira ilitazama midomo ikichezacheza tu. Tulipomaliza kulipa madeni, zilibaki hela za godoro moja. Kitanda cha kulitandikia hatukuwahi kukinunua.

Kosa halikuwa la mvua. Mvua ya alasiri tumezaliwa nayo. Kosa ni kwamba tulichagua jina la kitabu kabla ya kuhesabu watu, viti na mabati.

Kitabu cha mtihani kina soko lake

Vikundi vinavyozunguka shuleni kuigiza vitabu vya fasihi vinafanya biashara halali. Mwanafunzi analipa kwa sababu ana karatasi ya kujibu mwezi wa 11. Lakini mama anayechuma chai Nyansiongo hana mtihani, na yeye ndiye mtoaji wetu. Ukimwekea jukwaani tamthilia ya saa mbili unusu ambayo hajaisoma, atakaa kwa heshima, atapiga makofi, kisha ataondoka na noti yake.

Kuna jambo la sheria pia, nalo tunapenda kulipita kimya. Nchini Kenya hakimiliki ya tamthilia humlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Hivyo *Mstahiki Meya* ya Timothy Arege au *Kigogo* ya Pauline Kea haichezwi kwa kiingilio mpaka mwenye haki aridhie kwa maandishi. Mwandikieni mchapishaji mapema, mseme fedha ni za nini. Kuomba ni nauli ya barua tu. Wengine hukimbilia Shakespeare wakidhani ni wa bure. Shakespeare ni wa bure, ndiyo. *Juliasi Kaizari* je? Hicho ni Kiswahili cha Mwalimu Nyerere, aliyefariki 1999. Fanyeni hesabu.

Mahali pamoja

Kwa vikundi vyetu napendekeza kigezo kimoja kinachobeba vingine vyote: mchezo usihame. Usihame mahali na usihame wakati. Kila mara pazia linapofungwa ili tutoke sokoni twende hospitalini, kuna mtu anabeba meza, mwingine anabadili nguo, na mtunza fedha anashika kichwa. Waliotazama *Vioja Mahakamani* kwenye KBC wanajua kwamba kizimba, meza na mabenchi viliwachekesha Wakenya kwa miongo mingi. Mahakama, matanga, kikao cha wazee na jikoni ni mahali ambapo watu huja wenyewe, kila mtu na shida yake, bila mwandishi kuhangaika kuwaleta.

Nani ataandika mchezo kama huo? Ninyi. Wanakijiji wa Kamiriithu, Limuru, walijijengea jukwaa la wazi, na mwaka 1977 wakaigiza maisha yao wenyewe kwa lugha yao wenyewe. Serikali iliupiga mchezo ule marufuku baada ya wiki chache, jambo linaloonyesha kwamba haukuwa wa kulaza watu usingizi.

Hapa kwetu kisa kipo, tena hakidaiwi hakimiliki na mtu. Mwaka 1908 Otenyo Nyamaterere wa Kitutu alimchoma mkuki Northcote, ofisa wa kikoloni ambaye wazee wetu walimwita Nyarigoti. Northcote alipona, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Sisi tulibaki na jeshi la adhabu: nyumba zilichomwa, ng'ombe wakatekwa. Nyuma ya Otenyo anatajwa Moraa, mwanamke mtabiri aliyewachochea vijana wasikubali kutawaliwa.

Mwandishi mwenye pupa ataanza na mkuki. Atahitaji Mzungu, askari, bunduki na msitu, na kabla ya wiki kwisha atakuwa anatafuta mfadhili. Mwandishi mwenye hesabu atabaki uani kwa Moraa, usiku mmoja, wakati habari bado iko njiani. Mafiga 3, chungu, vigoda 2. Moraa anangoja. Anaingia kijana anayehema, na kutoka kinywani mwake tunausikia mkuki ambao hatukuuona. Wagiriki wa kale walijua siri hii: vifo vyao vilitokea nje ya jukwaa, mjumbe akaja kuvisimulia. Kisha anaingia mzee anayetaka Otenyo atolewe ili kijiji kisalimike. Mzee huyu ndiye kichekesho chenu, maana kila akitetea amani anahesabu ng'ombe wake upya. Kisha mama ambaye mwanawe hajarudi. Otenyo anaingia mwisho. Waigizaji 5. Jeshi linalokuja liwe kinubi cha obokano pembeni ya jukwaa. Nyuzi 8 zenye mngurumo ule zinatisha kuliko vijana 10 waliovalishwa kofia za karatasi.

Kabla ya kuandika, nendeni Kitutu mzungumze na ukoo. Inasimuliwa kwamba kichwa cha Otenyo kilikatwa na kupelekwa Uingereza. Kwa jamaa zake hilo bado ni jeraha.

Kuhusu lugha sitagombana na mtu. Mimi ningemwachia Moraa na mzee Ekegusii chao pale hasira inapopanda, na Kiswahili kibebe kisa, kwa ajili ya wageni.

Mapumziko yawekwe wapi

Kiingilio hakitawajengea kitu. Fedha za harambee hutoka pale mgeni wa heshima anaposimama na wenzake wakaogopa kuaibika. Kwa hiyo mchezo usizidi dakika 60, na ukatwe pale Otenyo anapobisha lango la boma. Hapo ndipo msimamizi atangaze nambari ya M-Pesa na kikapu kipite. Hakuna atakayeondoka kabla ya kujua kama Moraa anafungua. Tulichanga baada ya mchezo mwaka ule, nao waheshimiwa walikuwa wameshaingia magarini.

Siku nayo ni sehemu ya uchaguzi. Wasabato ni wengi kwetu, kwa hiyo Ijumaa jioni na Jumamosi mchana mmejifungia mlango wenyewe. Mimi ningechagua Sikukuu ya Mashujaa, 20 Oktoba, saa 4 asubuhi. Bonasi ya chai hulipwa mwezi huo, kisa ni cha shujaa, na mawingu hayajakusanyika. Msitegemee kumbi za shule, kwa sababu msimu wa KCSE huzigeuza vyumba vya mtihani. Uwanja wa kanisa wenye kivuli unatosha, hadhira ikae nusu duara, na waigizaji wasizoee kipaza sauti.

Baada ya chakula tutaandika. Kila kikundi kirudi na karatasi moja: majina ya waigizaji walio nao kweli, si wale walioahidi, na mahali pamoja ambapo kisa chao kitatokea. Kikundi kitakachohitaji gari la kubebea vifaa vya jukwaani kitaanza upya.