Nyumba ya Mwanachama Aliyefariki



Habari za magunia na bei kwa miaka kumi hii mmekwisha kuzisikia. Mimi nataka kunena juu ya nyumba. Mkulima akifariki, mara nyingi mjane na watoto hufukuzwa hata matanga hayajaanuliwa, ati shamba ni la ukoo.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, kifungu cha 20, imebatilisha mila yo yote inayomnyima mwanamke, mtoto au mwenye ulemavu haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi. Lakini mjane aliyelala ugenini na wanawe atafikaje mahakamani?

Basi, kila mume aliye hai na aombe hati ya hakimiliki ya kimila kwa majina mawili, lake na la mkewe. Na nyumba ya mjane ikibomolewa, tuijenge kwa msaragambo: huyu miti, yule matofali.

Wako wasemao Chama si baraza la mirathi. Mbona deni la pembejeo la marehemu twalidai kwa mjane huyo huyo, mlangoni pake?

Maombi ya hati hupelekwa Halmashauri ya Kijiji. Makarani wa vyama vya msingi wawasaidie wasiojua kuandika.