Tovuti Iliyokwama: Kabla ya Kumwita Fundi wa Pili



Leo tuzungumze juu ya jambo lililotuaibisha sisi wenyewe. Akina mama wetu wa kusuka vyondo walichanga pesa watengenezewe tovuti, ili wanunuzi wa mbali waione kazi yao. Sisi ndio tuliowatafutia kijana. Akalipwa pesa zote siku ya kwanza, kwa M-Pesa, bila karatasi yoyote. Ukurasa mmoja ukatokea na picha tatu za vyondo, basi. Ukibonyeza palipoandikwa "Bei" hupati kitu. Halafu simu yake ikawa haishikwi. Mkutanoni mweka hazina akabanwa aseme pesa ziko wapi, na mama wa watu hakuwa amekula hata shilingi moja.

Tukakimbilia fundi mwingine, kijana anayejifanyia kazi zake bila kuajiriwa. Huyu hakutaja bei. Aliuliza tu: "Funguo ziko na nani?" Tukatazamana.

Mjue kwamba tovuti ni kama nyumba. Ina jina, ndiyo anwani yake. Ina kiwanja, yaani kompyuta ya kampuni inayoihifadhi usiku na mchana. Vyote viwili vina neno la siri, na vyote hulipiwa, jina likilipiwa kwa kipindi, mara nyingi mwaka hadi mwaka. Majina yanayoishia na .ke husimamiwa na KENIC na huuzwa kupitia mawakala. La kwetu lilikuwa limeandikishwa kwa jina la yule kijana wa kwanza, na barua pepe yake mwenyewe. Hata fundi hodari angefanya nini? Nyumba ni yetu, hati ni ya mtu.

Wengine walitaka apelekwe kwa chifu. Tulikataa. Tulipitia kwa mjomba wake, naye akaja, kichwa chini; alikuwa amepata kazi mjini na kazi yetu ikamshinda kwa kukosa muda. Pesa hakurudisha. Lakini alikaa na fundi wa pili saa nzima, akabadilisha kila kitu kikawa kwa jina la kikundi kama lilivyo kwenye cheti cha usajili, na barua pepe ya kikundi, si ya katibu.

Hapo ndipo fundi wa pili alipoanza. Tulimlipa kidogo kwanza kwa ukaguzi tu. Alitoa nakala ya kila kilichokuwamo kabla ya kugusa lolote, kisha akatuambia msingi ni mzima: ilijengwa kwa WordPress, programu isiyolipiwa leseni na inayojulikana na mafundi wengi. Hakuna haja ya kubomoa. (Fundi anayesema "tuanze upya" kabla hajafungua mlango, muogopeni.) Tulimpigia simu pia mwenye tovuti nyingine aliyoimaliza.

Malipo yaligawanywa mara tatu: mwanzo, kurasa zikionekana kwenye simu ya mama yeyote kikundini, na mwisho katibu akiweza kubadilisha bei ya chondo mwenyewe. Hilo la mwisho lilichukua majuma mawili. Katibu alilia karibu.

Nakala ya karatasi ya makubaliano iko ofisini. Anayeitaka aje na daftari anakili.